Moto na MOTO: tuamue kwanza kuhusu herufi kubwa, ndipo tuiamuru mashine

Katika faili ya 23 ya mkusanyo wetu kuna sentensi ya maneno matano: «Tuliona moto inakuya, tukatoka mbio.» Aliyeisema ni mama mmoja aliyehama kijiji chake katika teritware ya Beni. Ukimsomea msomaji wa Dar es Salaam sentensi hiyo, ataona nyumba zinawaka. Ukimsomea mwenyeji wa Butembo, atakuuliza kwanza: moto gani? Kwetu kuna moto unaounguza, na kuna moto inayobeba abiria na mizigo, neno tulilolitoa katika Kifaransa na tunalolitumia kila siku barabarani. Kiswahili sanifu kingetusaidia kwa upatanisho: moto unakuja, pikipiki inakuja. Lakini katika usemi wetu kiambishi i- kimezimeza ngeli nyingi, na moto zote mbili «inakuya».

Sisi tulioandika masimulizi hayo tulilijua tatizo. Kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila neno ambalo msimulizi amelitamka kama la Kifaransa litaandikwa kwa herufi kubwa tupu. «MOTO» ni pikipiki, «moto» ni moto. Msimulizi akisema «Tulifika kwa BUREAU, bakatuandika kama DÉPLACÉS, tukapewa JETON», msomaji anaona mara moja wapi lugha imebadilika. Ilikuwa alama rahisi, haikuhitaji programu yoyote, na kila mmoja wetu aliweza kuiandika kwenye kompyuta ya kuazima.

Kisha mimi nikaja na amri ya mstari mmoja.

Nilitaka kusafisha. Mwenzetu mmoja aliandika «kiswahili», mwingine «KiSwahili», wa tatu «KISWAHILI». Majina ya watu na ya vijiji nayo yalikuwa vivyo hivyo. Nikafungua Perl, nikaandika:

perl -i -pe 's/(\w+)/\L$1/g, s/^(\w)/\u$1/' *.txt

Kwa Kiswahili, amri hiyo inasema hivi: tafuta kila neno, ulishushe lote liwe herufi ndogo, kisha herufi ya kwanza ya kila mstari uipandishe, fanya hivyo katika faili zote, na uandike juu ya zilezile. Haikuchukua hata nukta moja. Faili 64 zilisafika, na kila MOTO ikawa moto.

Mnaweza kusema: rudini kwenye sauti, msikilize. Hapo ndipo jambo linapouma. Baadhi ya wasimulizi walikubali kuzungumza nasi kwa sharti kwamba sauti zao zifutwe tukishamaliza kuandika, na tulizifuta kama tulivyoahidi. Mama wa faili ya 23 ni mmoja wao. Maandishi ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya maneno yake, na mimi nimeyaondolea kitu ambacho hakuna awezaye kukirudisha kwa hakika. Je, aliona moto ukija, au aliona pikipiki ya watu asiowajua? Kwa mtu anayesimulia jinsi alivyokimbia, hayo ni masimulizi mawili tofauti.

Naandika haya kwa sababu naamini kosa langu halikuwa langu peke yangu. Kitivo chetu kinatufundisha fonolojia, mofolojia na sintaksia ya lugha za Kibantu, lakini kuhusu herufi kubwa hakijaamua lolote, na kuhusu zana za kubadilisha maandishi hakitufundishi lolote. Hoja yangu ni kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja, na ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa kazi ya watu wa informatiki.

Nianze na zana yenyewe, maana si ngumu. Katika Perl, mtu anayetafuta na kubadilisha maneno hutumia ruwaza upande wa kushoto na kibadala upande wa kulia. Ndani ya kibadala anaweza kuweka alama za kupandisha au kushusha herufi. \U hupandisha herufi zote zinazofuata mpaka ikutane na \E. \L huzishusha zote vivyo hivyo. \u hupandisha herufi moja tu inayofuata, na \l hushusha moja tu. Basi. Mwanafunzi aliyeelewa kiambishi awali, mzizi na kiambishi tamati hawezi kushindwa na alama tano.

Wala zana hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Aliyeitunga, Larry Wall, alisoma isimu. Yeye na mke wake walikuwa wakijiandaa huko Berkeley, Marekani, kwa nia ya kutafuta lugha isiyo na maandishi, huenda barani Afrika, kuitungia mfumo wa kuandika, na kutafsiri vitabu katika lugha hiyo, Biblia ikiwamo. Afya ikawazuia kusafiri. Akaingia kazi ya kompyuta, na mwaka 1987 akatoa Perl. Mtu aliyetaka kuja kuziandika lugha za bara hili akaishia kutunga lugha ya kushughulikia maandishi. Sioni kwa nini sisi tulio na lugha hizo tuiachie zana hiyo idara nyingine.

Sasa tutazame pale ambapo alama hizo tano zinakutana na sarufi yetu. Chukueni neno «kinande». Ruwaza (ki)(nande) inaligawa sehemu mbili: kiambishi cha ngeli, kisha mzizi. Upande wa kibadala tuna uwezekano kadhaa:

s/\b(ki)(nande)\b/\u$1$2/g hutoa Kinande
s/\b(ki)(nande)\b/$1\u$2/g hutoa kiNande
s/\b(ki)(nande)\b/\u$1\u$2/g hutoa KiNande

Tahajia tatu ambazo watu hubishana juu yake zinatofautiana kwa mahali pa \u tu. Na ukiiacha \u kabisa unapata ya nne, «kinande», ambayo ndiyo wengi wetu tunayoiandika bila kuifikiria. Tunaiandika hivyo kwa nini? Kwa sababu tulijifunza kuandika kwa Kifaransa, na Kifaransa huandika majina ya lugha kwa herufi ndogo: le français, le swahili, le kinande. Siku na miezi pia: lundi, janvier. Mwalimu aliyesomea Tanzania au Kenya huandika Kiswahili, Jumatatu, Januari. Katika toleo moja la jarida hili mnaweza kukuta desturi zote mbili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Mwandishi hajaamua, shule aliyopitia imemwamulia.

Majirani zetu wa kusini waliamua, na hata wao hawakuamua kwa namna moja. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inaziorodhesha lugha rasmi, na humo mna isiZulu, isiXhosa na siSwati zenye herufi kubwa katikati ya neno, pamoja na Setswana, Xitsonga na Tshivenda zenye herufi kubwa mwanzoni. Zote ni lugha za Kibantu, zote zina kiambishi na mzizi, na zimo katika kifungu kimoja. Hakuna kanuni ya asili inayosema herufi kubwa ikae wapi. Kuna watu waliokaa wakakubaliana.

Kusema kweli, herufi kubwa yenyewe ni mgeni kwetu. Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazina kubwa wala ndogo. Wasomaji wa wakati huo walimtambua mtu na mahali kwa muktadha na kwa upatanisho wa kisarufi. Kubwa na ndogo zilikuja na alfabeti ya Kilatini, mikononi mwa wamisionari na wakoloni, zikiwa zimeshonewa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Hiyo si sababu ya kuzikataa. Ni sababu ya kujua kwamba zina tabia za lugha nyingine, na kwamba ni juu yetu kuzipima upya.

Upande wangu nausema wazi: jarida letu lifuate Kiswahili, Kinande, Wanande, Mnande, herufi kubwa mwanzoni mwa neno zima. Sababu yangu ni ya kimofolojia. Kiambishi cha ngeli katika lugha zetu ni sehemu ya nomino. Si kibainishi kama «le» ya Kifaransa kinachoweza kusimama peke yake. Anayeandika kiNande anamwambia msomaji kwamba neno halisi ni «Nande» na kwamba «ki» ni vazi la juu. Hayo ni maoni ya mzungumzaji wa lugha isiyo na ngeli. Anayependa kuonyesha mpaka wa mofimu anayo alama ya kistari, na uchambuzi una mahali pake. Tahajia ya kila siku haipaswi kumfanya kila msomaji mchambuzi.

Najua pingamizi: mbona «nyumba ya kinande», «kucheza kitoto», «kula kizungu»? Kiambishi ki- hutaja lugha, hutaja pia namna ya kutenda. Je, «ngoma ya kinande» ipate herufi kubwa? Mimi ningesema ndiyo, kwa kuwa kuna jina la watu ndani yake, na «kitoto» hapana. Mwingine atasema vingine. Lakini hilo ni swali la mwanaisimu. Hakuna mashine itakayolijibu, na mashine isipoambiwa italijibu hata hivyo, kwa fujo.

Tazameni fujo hiyo. Mtu asiyejua lugha, au aliyechoka, ataandika ruwaza pana: kila neno linaloanza na ki-, lipandishiwe herufi. s/\bki(\w)/Ki\u$1/g. Matokeo: KiTu, KiLa, KiSha, KiJana. Basi anahitaji orodha ya mizizi: swahili, nande, lega, nyarwanda, faransa. Hapo ndipo anakutana na «hema». Kihema ni lugha ya Wahema wa Ituri. Kihema pia ni hema dogo. Katika masimulizi ya watu waliohama makwao, hema dogo linatajwa kuliko lugha. Ruwaza haitajua kwamba «tulilala katika kihema» si habari ya lugha. Ni lazima tuliondoe neno hilo kwenye orodha, tuyatazame matokeo yake moja moja kwa macho. Orodha ile, pamoja na neno lililoondolewa, ni kazi ya leksikografia. Inafaa kuwekwa katika kiambatisho cha kila kazi ya kumaliza masomo, kama tunavyoweka dodoso.

Kuna mtego mwingine ulioninasa. Ukiiambia Perl isijali kubwa wala ndogo wakati wa kutafuta, itakamata «KISWAHILI» pia, lakini sehemu iliyokamatwa itabaki kubwa: utapata KiSWAHILI. Dawa ni kuandika Ki\L$1, yaani ishushe kwanza ile sehemu ya pili. Lakini dawa hiyo itashusha na vichwa vya sura vilivyoandikwa kwa makusudi kwa herufi kubwa. Kila dawa ina mgonjwa wake.

Majina ya watu ni mazito zaidi. Kivu imejaa watu wanaoitwa Furaha, Neema, Baraka. Wanande wana majina ya mpangilio wa kuzaliwa, na binti wa kwanza huitwa Masika, neno ambalo katika Kiswahili ni majira ya mvua. Herufi zikishushwa, «Masika alikuja» na «masika yalikuja» zinabaki kutenganishwa na upatanisho tu. Na hapo sarufi inaweza kuwa msaidizi wa ruwaza. Mtu anaweza kuiambia Perl: ukikuta furaha, neema au baraka, na neno linalofuata likianza na ali-, ana-, ata- au ame-, pandisha herufi ya kwanza, kwa maana hapo kuna mtu:

s/\b(furaha|neema|baraka)(?=\s+a(?:li|na|ta|me))/\u$1/g

Nilipoiandika nilijivuna. Kisha nikasoma mstari uliosema «furaha aliyonipa», ikawa «Furaha aliyonipa». Kitenzi kina ali- kweli, lakini nafsi ile ni ya mtoaji, na furaha ni yambwa ya kirejeshi. Na «kwa neema alinisaidia» ikawa «kwa Neema alinisaidia», kana kwamba dada Neema amehusika. Mwanafunzi wa sintaksia anaelewa mara moja kilichotokea. Mtaalamu wa kompyuta asiyejua Kiswahili asingekiona kabisa. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote: ruwaza nzuri ni uchambuzi wa sarufi uliobanwa katika mstari mmoja, na ruwaza mbaya ni sarufi mbaya.

Orodha za majina nazo zina desturi yake. Katika karatasi zetu za utawala jina na jina la pili huandikwa kwa herufi kubwa, na jina la ubatizo kwa ndogo: KAMBALE MUHINDO Jean. Mpangilio huo una historia. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliwaagiza watu waache majina ya kizungu, na baadaye majina hayo yakarudi na kukaa pamoja na yale mengine. Herufi kubwa ndiyo inayomwambia msomaji lipi ni lipi. Ukiipitishia orodha nzima amri ya \u\L$1, ambayo hushusha neno kisha hupandisha herufi yake ya kwanza, unapata Kambale Muhindo Jean, na habari ile imepotea. Kambale ni jina la mtoto wa pili wa kiume, na darasa moja Butembo laweza kuwa na akina Kambale kadhaa. Wanatofautishwa na hayo majina mengine, na mtu anayezijaza fomu anahitaji kujua lipi liende wapi. Amri hiyohiyo ikikutana na Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, itamfanya «Wa Za Banga», kana kwamba viunganishi navyo ni majina.

Mwisho kuna herufi zenyewe. Perl isipoambiwa kwamba maandishi yamehifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, huyasoma kama mfululizo wa baiti, na hapo inajua kupandisha na kushusha zile herufi 26 za Kiingereza tu. Herufi ɛ na ɔ za Lingala haizitambui hata kuwa ni herufi. Mwambie ipandishe mwanzo wa kila neno, na «mɔkɔ» inakuwa «MɔKɔ», kwa kuwa inaona maneno mawili, m na k, yenye takataka katikati. Kifaransa hakisalimiki: «élève» inakuwa «éLèVe». Wala Kiswahili: ritifaa ya ng' nayo haihesabiwi kuwa herufi, basi «ng'ombe» anatoka akiwa «Ng'Ombe». Dawa ipo na ni fupi. Unaiambia Perl mwanzoni kwamba maandishi ni UTF-8, na unaiingiza ritifaa ndani ya ruwaza ya neno. Ukifanya hivyo, ɔ inapanda kuwa Ɔ bila shida, maana herufi kubwa yake ipo katika Unicode. Lakini mtu hawezi kuitafuta dawa ya ugonjwa asioujua, na vitabu vingi vya mwanzo vinafundisha kwa mifano ya Kiingereza, ambako ugonjwa huu hauonekani.

Katika msiba wangu, upungufu huo ulinisaidia kidogo, na nausimulia kwa aibu. Kwa kuwa sikuiambia Perl habari za UTF-8, haikujua kuishusha É. «DÉPLACÉS» ikawa «dÉplacÉs». Sura mbaya kabisa, lakini kila É iliyobaki imesimama ilinionyesha mahali palipokuwa na Kifaransa. Nilirudisha mamia ya maneno kwa kuzifuata herufi hizo. MOTO haina É.

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza: hii ni kazi ya watu wa informatiki. Nimeshaonyesha kwamba hawawezi kuifanya bila sisi. Na sisi tukiwaachia, tutapokea KiTu na Ng'Ombe. La pili: Perl ni ya zamani, vijana wanatumia Python. Sawa. Python haina \U wala \L katika kibadala. Unaiandikia fomula ndogo ya kufanya kazi hiyo. Zana ya sed ya Linux inazo alama zilezile za Perl. Chagueni mnayotaka. Swali la Kihema na swali la furaha aliyonipa yatawafuata kila mahali. Ninaipendelea Perl kwa sababu ya kawaida sana: huja tayari katika mashine nyingi za Linux, inafanya kazi kwenye kompyuta kongwe, na haihitaji intaneti, na sisi tunajua intaneti yetu na umeme wetu.

La tatu ndilo ninaloliheshimu. Mwenzangu mmoja aliniambia: watu wa Beni wanauawa tangu mwaka 2014, mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na wewe unahangaika na herufi kubwa? Nilinyamaza siku hiyo. Leo namjibu hivi. Watu hao walitupa kitu kimoja walichokuwa nacho, maneno yao, na wengine walituomba tusihifadhi hata sauti. Tulichoahidi ni kuyaandika kama walivyoyasema. Siku mtu atakapoyasoma ili ajue ni nini kilitokea katika kijiji fulani, kati ya moto na pikipiki hapatakuwa na jambo dogo.

Napendekeza mambo manne kwa kitivo, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Kwanza, kitivo kitoe ukurasa mmoja wa kanuni za herufi kubwa katika Kiswahili na katika lugha zetu nyingine: majina ya lugha, ya watu, ya siku, ya mahali, na ki- ya namna. Kama hamkubali pendekezo langu la Kinande, amueni jingine. Uamuzi usiokamilika unafaa kuliko mazoea manne yanayokaa ukurasa mmoja.

Pili, tuache kutumia herufi kubwa kuonyesha lugha. Ndilo kosa letu la kwanza, kabla ya amri yangu. Herufi kubwa ina kazi nyingi mno tayari. Tukiipa na kazi ya kutaja lugha, usafishaji wowote utaifuta. Tuandike alama iliyo wazi, mfano <fr>moto</fr>, ambayo haipotei hata maandishi yote yakishushwa.

Tatu, maandishi ya kwanza yasiguswe kamwe. Kila mabadiliko yafanywe kwenye nakala. Perl yenyewe hutoa kinga: badala ya -i andika -i.bak, na itakuhifadhia faili ya awali pembeni kabla ya kuandika mpya. Herufi nne hizo, nukta ikiwamo, zingeniokoa. Na kabla ya kubadilisha chochote, chapisha kwanza orodha ya maneno yatakayoguswa, uisome.

Nne, somo la mbinu za utafiti litenge saa sita kwa ruwaza za kutafutia na kubadilisha maandishi, na lifundishwe na mwalimu wa isimu. Mazoezi yawe ya lugha zetu: ngeli, ritifaa, majina, ɔ na ɛ.

Mwenzetu mmoja alikuwa na flashi yenye nakala za zamani, na kutoka humo tumepata faili 53 zikiwa na herufi zake. Zimebaki 11. Kwa zile ambazo sauti zake tunazo, tunasikiliza upya jioni, zamu kwa zamu. Kwa zile ambazo sauti zilifutwa, tumekubaliana tusikisie. Katika faili ya 23, mbele ya neno la pili, nimeandika alama ya kuuliza, na chini ya ukurasa nimeeleza kwamba shaka hiyo ni ya mwandishi, wala si ya msimulizi. Yeye alijua alichokiona.